Uji wa Vedasto

Kaka Ezekia,

Shikamoo. Huku Kwihara mvua imenyesha, mizinga ya baba imejaa asali.

Siku wewe na mume wangu mlipoigombania mizinga hiyo, panga lako lilimtoa utumbo nje. Hospitali wakakata kipande kirefu. Nikamnyima chakula ili kidonda kipumzike, daktari akanifokea: “Mama, chakula kikipita ndipo utumbo unapotoa homoni za kuukuza na kuuponya. Mlishe!”

Nimemlisha Vedasto uji wa mtama, kijiko kwa kijiko, miezi miwili. Leo kamaliza bakuli zima, akaomba panga na jiwe la kunolea. Ninavyoandika ananoa, ananiuliza ulikokimbilia.

Usirudi, kaka. Na kesho nitamkorogea tena uji, maana ni mume wangu.

Mdogo wako,
Consolatha