Mashina Kumi na Moja

Samuye, Shinyanga
4 Machi 1950

Mdogo wangu Onesmo,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Sisi tu wazima, isipokuwa goti la baba mdogo Maige linamsumbua tangu mvua zianze. Wewe je, kifua kimetulia? Na hiyo kazi ya shimoni Geita, bado unaiweza?

Leo ni wiki ya saba tangu tumzike mama yetu, mayu. Matanga yameanuliwa, watu wametawanyika, nimebaki mimi na kuku. Kwa nini hukuja sitakuuliza kwenye karatasi. Nitakuuliza nikikuona.

Ninaandika kwa ajili ya karanga. Unajua mayu hakuwahi kukosa karanga zake pale kwenye mchanga nyuma ya zizi. Novemba alipanda vilevile, na kikohozi chake. Alichimba mashimo mawili matatu, akaketi, akainuka, akachimba tena. Nikimwambia apumzike ananijibu, "Mvua hainisubiri mimi."

Sasa shamba lake limeingiwa na ukoma wa karanga. Majani yanakuwa madogo, yanageuka njano na kujikunyata pamoja, shina linadumaa, ukiling'oa chini hamna kitu. Jana nimepita mstari kwa mstari. Shamba zima, mashina ya kijani ni kumi na moja tu. Nimeyafunga vipande vya kanga kuukuu nisije nikayapoteza.

Baba mdogo anataka ning'oe kila kitu tuweke pamba. Na Bwana Shamba mpya, anaitwa Donatus, ameamuru ling'olewe lote lichomwe lisiambukize majirani. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Nangoja neno lako.

Dada yako,
Melania


Geita
27 Machi 1950

Dada Melania, shikamoo.

Mimi ni mzima, kifua kinakuja na kuondoka. Mpe baba mdogo pole ya goti.

Ulisema hutauliza, lakini nitajibu. Habari ya msiba ilinifikia siku ya kumi na tisa. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka shimoni, karani akaniita jina mbele ya watu, akanipa karatasi. Niliisoma nimesimama. Nikahesabu siku kwa vidole, nikaona mmeshamaliza hata kufagia uwanja. Ningekuja kumzika nani, dada? Kesho yake nikashuka shimoni kama kawaida. Si kwamba sikuumia.

Habari ya shamba imenirudisha nyumbani kuliko barua zako zote. Nimekumbuka mwezi wa kumi, mayu akitukalisha kumenya karanga za mbegu. Alitutaka tuimbe muda wote, wewe na mimi, hata kama sauti imekauka. "Aliyenyamaza," anasema, "mdomo wake una karanga." Nakumbuka pia michembe ya viazi vikavu iliyochemshwa pamoja na karanga mbichi, na ule mvuke wake ukifunua chungu. Huku tunapewa unga na maharage. Tunashiba, lakini hakuna anayesifia.

Usiyang'oe yale kumi na moja. Hiyo mistari mayu aliichimba kwa pumzi yake ya mwisho. Mwambie Bwana Shamba mwenye nyumba amekataa.

Mdogo wako,
Onesmo


Samuye
18 Juni 1950

Mdogo wangu Onesmo,

Salamu. Hapa hatujambo, mtama umekubali kiasi. Umefanya vyema kunieleza ya msiba. Nilikuwa nimekuwekea kinyongo, sasa nimekiteremsha.

Bwana Shamba alikuja na baiskeli yake. Akaangalia vile vitambaa, akaniuliza, "Mama, nilikuagiza nini?"

"Uliagiza ning'oe wagonjwa. Hawa si wagonjwa."

Nilidhani atafoka. Akachuchumaa, akageuza majani akitafuta vidukari, wale wadudu wadogo anaosema ndio wanaobeba ugonjwa. Aliwakuta hata kwenye mashina mazima. Akasema, "Mengine yote choma leo. Haya yaache. Lakini usitangaze kwamba umepata dawa. Huenda ugonjwa umeyaruka tu. Mwakani yapande pale pale penye ugonjwa. Yakisimama tena, hapo nitakuamini."

Nimevuna kila shina peke yake. Saba yanasimama wima kama karanga za mayu tulizozizoea, kila moja maganda ishirini au thelathini. Manne yanatambaa chini kama viazi. Hizo zinazotambaa sizijui. Mayu alikuwa akipokea mbegu kwa kila mpita njia, nadhani zilijichanganya. Moja lina maganda sitini na moja! Nimehesabu mara mbili.

Sikuonja hata punje. Nimegawa kila shina nusu kwa nusu. Nusu yako nimeifunga kwenye kitambaa chenye mafundo kumi na moja, amekuletea Bartholomeo, yule kijana wa mzee fundi wa majembe, anakuja huko kutafuta kazi. Tafuta kipande cha ardhi nyuma ya kambi, upande mvua zikianza. Yakinipata mabaya mimi, zitakuwepo kwako.

Dada yako,
Melania


Geita
9 Septemba 1950

Dada yangu Melania, shikamoo sana.

Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili tu.

Nimeanza barua hii mara tatu. Bartholomeo alifika salama, mzigo nikaupokea, nikautundika ukutani juu ya kitanda. Sasa dada, kuna jambo sikukueleza tangu mwaka jana. Siishi peke yangu. Kuna mwanamke anaitwa Paskalia, Mzinza wa huko Chato. Tunaishi kama mke na mume, ingawa bado sijapeleka neno kwao wala kwetu. Nilingoja nije nikueleze kwa mdomo, kisha mayu akafariki, nikaona aibu kuleta habari ya ndoa juu ya kaburi.

Juzi niliporudi kazini nilisikia harufu ya karanga toka mlangoni. Wake za wenzangu watatu wamekaa na Paskalia, wanatafuna na kucheka. Kitambaa kiko sakafuni, mafundo yamefunguliwa. Nikasema, "Umefanya nini?" Akasema, "Nimekuona unachoka, nikasema leo nikukaangie zawadi ya kwenu." Hakujua. Kosa ni langu, sikumwambia ni mbegu, kwa sababu sikutaka aniulize habari za nyumbani.

Nilipomweleza alilia hadi wale wageni wakaondoka bila kuaga. Kisha akapiga magoti akatafuta chini ya kitanda na kwenye nyufa za sakafu. Amepata punje tisa ambazo hazikuona moto. Hatujui zimetoka fundo lipi. Ameziweka kwenye kikopo, hakuna anayekigusa.

Nisamehe. Msamehe na yeye.

Mdogo wako,
Onesmo


Geita
2 Februari 1951

Dada Melania, shikamoo.

Hujambo? Miezi mitano sasa sijapata mstari wako. Nimemuuliza kila anayetoka Shinyanga, wanasema wamekuona kanisani.

Zile tisa tulizipanda Novemba, saba zimeota. Tatu zinasimama, nne zinatambaa. Paskalia amezipanda makusudi kando ya karanga za jirani ambazo zimejaa ukoma, maana nilimsomea maneno ya Bwana Shamba. Kila asubuhi anakwenda kuzikagua kabla hajawasha moto.

Nitukane kama unataka. Lakini andika.

Onesmo, mdogo wako


Samuye
20 Mei 1951

Onesmo,

Mimi mzima. Natumaini na ninyi mko salama.

Nilikasirika. Si kwa karanga tu. Nilikasirika kwamba una mke na nimejulishwa na harufu ya kikaango. Nilimwambia mayu pale kaburini, mwanao anaoa kama mtu asiye na kwao. Hata barua yako ya pili niliiweka bila kuijibu.

Sasa hasira imeniishia, kwa sababu sina pa kuiweka. Nilipanda mbegu zangu zote Novemba, mistari kumi na mmoja, sikubakiza hata punje, maana zilikuwa za kuhesabu. Zile zinazosimama zilipata ukoma karibu zote. Zinazotambaa zilikaa kijani kabisa, Onesmo. Kijani cha kukufanya usimame njiani. Donatus alikuja mara mbili, mara ya pili akamleta mwenzake aone.

Tarehe nane Aprili, wiki mbili kabla ya kuvuna, nilikwenda kliniki Shinyanga mjini kwa jino. Ng'ombe wa baba mdogo wakaingia. Niliporudi jioni nilikuta wanacheua. Kilichobaki kilikuwa kimekanyagwa kikawa tope. Baba mdogo alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Mwanangu, mchungaji alilala." Nilikwenda kupekua tope lile kwa mikono. Niliokota maganda machache ya zile za mayu, mepesi, mengine matupu. Ya zinazotambaa sikupata hata moja.

Basi mwambie huyo mwanamke wako, mwambie Paskalia, kwamba zilizopo kwake ndizo zote zilizopo duniani. Asimsomee jirani barua hii. Avune taratibu.

Dada yako,
Melania


Geita
15 Julai 1951

Dada mpendwa, shikamoo.

Barua yako tumeisoma pamoja. Pole kwa shamba, pole kwa jino. Kifua changu kimenilaza wiki moja, sasa nafuu.

Tumevuna. Zinazotambaa, mashina manne, maganda mia mbili na kumi na mawili, na hakuna jani moja lililougua. Zile tatu zinazosimama, mbili zilikufa na ukoma, moja ikatoa maganda kumi na manane.

Sasa tunabishana humu ndani. Tulikaanga punje mbili mbili tuonje. Ile inayosimama, dada, nilipoitafuna niliketi chini. Ni ya mayu kabisa, ile yenye mafuta, inayobaki kwenye meno. Inayotambaa ni tamu, lakini utamu wake ni wa kigeni, mkavu kidogo, na ngozi yake haitoki upesi. Mimi nikasema tukuze ile ya mayu, hata kama ni kidogo kidogo, labda baada ya miaka itazoea. Paskalia akasema, "Utamu usiozaa utaula kwa kumbukumbu." Nikamwambia hakumjua mayu. Akanijibu, "Ni kweli. Lakini watoto wa huko watakula nini?"

Tumekubaliana uamue wewe. Mimi sipati ruhusa, msimamizi amekataa. Paskalia ataleta mbegu mwenyewe Novemba, kwa kivuko hadi Mwanza kisha gari moshi. Atakaa wiki mbili, akusaidie kupanda. Ukimpokea vibaya nitaelewa, lakini tafadhali usimpokee vibaya.

Mdogo wako,
Onesmo


Samuye
24 Juni 1952

Mdogo wangu Onesmo,

Salamu nyingi, na za mkeo. Ameniachia niandike mimi, anasema mkono wake ni wa mwiko. Samahani kwa vikaratasi vifupi vya miezi hii. Sasa nakaa nikueleze yote.

Siku alipofika niliketi uwanjani nimejiandaa kununa. Alitua mzigo, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo wifi. Mimi ndiye niliyekaanga." Ningefanya nini? Nilicheka mpaka jirani akachungulia.

Tulipanda zinazotambaa shamba zima. Hizo za mayu, zile kumi na nane zenu na zile nilizookota kwenye tope, tukazipa mstari mmoja pembeni. Nilitaka nizione kwa mara nyingine kabla sijaamua. Februari ukoma ulishuka Samuye yote, watu wakawa wanang'oa na kulia. Shamba letu lilikaa kijani. Mstari wa mayu ulianza kujikunyata wiki ya pili. Nilikuwa napita pale kila asubuhi kama anayemtembelea mgonjwa, na wifi ananifuata nyuma. Siku moja nilimwambia, "Nimeamua." Akasema, "Najua." Tukarudi kulima.

Zinazotambaa zimetoa debe sita. Donatus amechukua debe mbili awagawie watu wa Tinde, akaandika jina langu kwenye daftari lake, nikamwambia aandike na la Paskalia. Baba mdogo Maige naye alikuja. Alizunguka maneno, habari za mvua, habari za goti, mwisho akasema, "Melania, hata mimi nina watoto." Nikamwambia, "Zungushia shamba letu ua wa minyaa kwanza." Alimaliza kwa siku nne, na hilo goti lake. Nimempa.

Mstari wa mayu ulitupatia maganda ya kujaza bakuli moja, mengi yamesinyaa. Ya kupanda tena hayakuwemo. Juzi Jumapili tuliyachemsha na michembe, tukaketi pale nyuma ya zizi, tukala polepole. Kila ganda nililofungua nilimsimulia jambo moja la mayu. Jinsi alivyotembea. Alivyomfukuza yule mchuuzi wa Maganzo kwa ufagio. Alivyokuwa akikuita wewe "mzee" ulipokuwa huna meno. Nilitaka nikubakizie kiganja kimoja. Paskalia akasema, "Wifi, tukimbakizia ataendelea kungoja vitu kule." Tukamaliza.

Jambo la mwisho. Alisema wiki mbili, sasa miezi saba imepita. Jana nilimuuliza nimkatie tiketi ya lini. Akasema harudi. Anasema amechoka kukusikiliza unavyokohoa na kuota unaongea Kisukuma na watu waliokufa, na kwamba kwenu ni huku na si shimoni. Ameshaanza kufyatua matofali ya nyumba yenu, yapo mia tatu, yanakauka. Mimi sikumtuma. Namsaidia kuchota maji tu.

Barua hii usiijibu. Gari moshi linapita Shinyanga Jumanne na Ijumaa. Tutakuwa stesheni siku zote mbili.

Dada yako,
Melania