Majani Tatu ya Gardenia

Mujukuu wangu Furaha,

Niko na miaka makumi munane na moja. Nimepita vita mbili, nimezika bibi yangu niliyemuoa, koko yako. Maman yako anakusalimu. Unauliza namna ya kujua muti wa gardenia mbele ya kuchanua maua.

Tuliporudi toka Kalehe tulikokimbilia vita, nyumba ilikuwa majivu, na jirani Mateso akasema kiwanja ni chake. Nikaita chef wa avenue, mukubwa wa barabara yetu, nikamuonyesha gardenia yetu iliyobaki imesimama kiwanjani, bila maua.

"Iyo ni kahawa yangu, muzee!"

"Kahawa iko na majani mbili mbili kwa kila fundo la tawi. Hesabu!"

Chef wa avenue akahesabu tatu tatu. "Mateso, hujui hata muti wako?"

Nikapata kiwanja. Watu walisifu akili yangu, nikakubali. Lakini koko yako ndiye alinihesabisha majani, siku nilitaka kukata iyo gardenia kwa sababu hailiwi.

Ukiwa na shaka, muulize Mateso; siku hizi naye anajua. Tawi nililomupa apande linachanua kwake.