Jeti Ndani ya Kiberiti

Jumatatu, 3 Juni 1957. Njombe.
Plagi nyeusi tena, zimejaa masizi. Lori jipya la Meneja, limetoka Dar es Salaam, limekohoa tangu Makambako. Huku juu hewa nyepesi, petroli inaingia kama bado tuko pwani. Nimetoa jeti ya kabureta, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli. Nimeweka ya kwangu: tundu nimeziba kwa risasi ya kulehemu, nikatoboa dogo zaidi kwa sindano ya mke wangu. Ya kiwandani nimeitia kwenye kiberiti, nikakifunga kwa waya chini ya boneti. Mgaya dereva nimemwambia: ukishuka mabondeni irudishe, la sivyo injini itaungua.

Jumanne, 4 Juni.
Lori limepanda na mbao za Matembwe. Hakuna moshi. Mgaya kapiga honi mpaka sokoni. Nilifurahi kijinga.

Alhamisi, 6 Juni.
Meneja kaona kiberiti. Kafoka mbele ya gereji nzima. Eti kitabu cha kiwanda hakitaji sindano. Kaandika kwenye daftari la gari, "Fundi ameharibu kabureta," akataka nami nitie sahihi. Nimekataa. Miaka kumi na moja kwenye baridi hii, sijaharibu kitu. Kasema bila sahihi, hakuna kazi. Nimeifungua jeti yangu, nikafuta mikono, nikaondoka nayo mfukoni.

Ijumaa, 7 Juni.
"Baba Yohana, sahihi ni wino tu," anasema mke wangu. Nimemjibu: ni jina langu. Kanuna. Naogopa, sifichi. Lakini sitii sahihi, hata Meneja aje na polisi.

Jumatatu, 10 Juni.
"Kamwene, fundi." Ni Mgaya anasalimu, kaja kwa lifti ya gari la misheni. Gereji walirudisha jeti ya kiwandani. Lori limekwama mlimani kutoka Makambako, saruji inanyeshewa manyunyu. Meneja anaitaka ile ya sindano. Nimemwambia Mgaya: Meneja alete daftari kwanza. Mgaya kacheka, mimi sikucheka.

Jumatano, 12 Juni.
Daftari limekuja. "Ameharibu" limekatwa mstari, juu yake "amerekebisha", mwandiko wa Meneja. Samahani hakuna. Tumeenda mlimani, nimefunga jeti, lori limepanda. Nimetia sahihi, jina lote.
Sindano nimemrudishia mke wangu. Kasema imepinda. Ameshonea hivyo hivyo.