Springi Ngumu za Mama Furaha

Mama Furaha,

Ninakuandikia kwa kibodi yako. Ungekuwa unapita hapo nje ungejua bila kuambiwa, maana inasikika mpaka kwa muuza mandazi, kama ilivyosikika siku zako. Tofauti ni kwamba wewe ulipiga mfululizo, kama mvua juu ya mabati. Mimi ninapiga kama matone yanayobaki mvua ikishakatika: moja hapa, jingine pale, na katikati watu wanadhani nimesinzia.

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Binti yako Furaha aliniletea kibodi wiki moja baada ya misa, imefungwa ndani ya kile kitenge chako cha rangi ya machungwa. Akasema, "Mwalimu, mama alisema hii ni ya kazi, si ya nyumbani." Niliipokea kwa mikono miwili, nikaiweka mezani, na kwa siku nne sikuifungua. Miaka yote hiyo hapa kambini Kashojwa mimi nilipanga maneno ya barua za watu, wewe ukayapiga. Watu walituita ofisi, nasi tulikuwa na meza moja, viti vitatu na paneli moja ya sola. Sasa viti viwili vinatosha.

Siku ya tano niliifungua, kwa sababu Bibi Adela alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi. Nitafika kwake. Kwanza niache nieleze jambo moja, ingawa wewe unalijua kuliko mimi. Unajua pia kwamba siwezi kuacha kueleza.

Chini ya kila kitufe cha kibodi ya namna hii kuna swichi yake, na ndani ya swichi kuna springi. Springi ikiwa laini, ukigusa tu herufi inatokea. Ndivyo ilivyokuwa kibodi ya laptopu kabla vumbi halijaiua. Lakini zako, Mama Furaha! Zako zinakataa. Kidole kinashuka, kinakutana na ukaidi, na ukidhani umeandika, kumbe hujaandika. Siku ile ya kwanza nusu ya herufi hazikutoka. Kufikia saa sita mkono ulikuwa unaniuma mpaka kwenye kiwiko, na usiku binti yangu alinichua kwa maji ya moto kama mtu aliyetoka kulima. Nikakumbuka ulivyonicheka mara moja nilipojaribu kupiga mistari miwili: "Weye unapiga sawa mutu mwenye kuogopa kuamsha mutoto!" Ulikuwa umesema kweli. Nusu karne ya kushika chaki imenifundisha kugusa tu.

Sasa Bibi Adela. Mambo yake ulikuwa umeyashika wewe, na ulipoondoka yalibaki katikati. Mjukuu wake Aline, mtoto wa binti yake aliyefariki, bado alikuwa kwenye ile kambi nyingine, ameandikwa kwenye kadi ya familia ya mwanamke waliyekimbia naye. Na yule mwanamke alikuwa amejiandikisha kurudi kwao. Aline akibaki kwenye kadi ile, angevuka mpaka pamoja naye, na bibi asingemwona tena. Hilo tu ndilo lililokuwa linaombwa: mtoto ahamishwe kadi, aje kwa bibi yake.

Na barua ya kwanza niliiharibu mimi. Uliponisamehe ulicheka, lakini mimi sijacheka bado. Ulikuwa umelazwa Mbarara, nami nikaona haina haja ya kukusubiri, nikaiandika kwa mkono, kwa ule mwandiko wa shule zetu za Burundi nilioringia maisha yangu yote. Nikaandika umri wa Aline kwa tarakimu, kumi na moja, kwa zile moja zetu zenye mkono mrefu unaopanda kabla ya kushuka. Waganda huandika moja kama fimbo iliyosimama. Wakaisoma sabini na saba. Barua ikarudi kutoka kwa wakuu wa kambi na duara jekundu na swali: inakuwaje mjukuu amemzidi bibi yake umri? Ulikuwa umerudi nyumbani, umekonda, umejilaza kwenye mkeka, ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Mwalimu, we! Mutoto wa watu umemuzeesha!" Kisha ukafuta macho ukasema utaipiga mwenyewe, na utamsikiliza bibi upya, toka mwanzo. Ulipiga ukurasa mmoja. Barua ya pili ilitakiwa kufika kabla ya mwezi kwisha, isipofika faili lifungwe.

Basi nikamketisha Bibi Adela kwenye kiti chake kilekile, nikamwomba aendelee pale mlipoachia. Akaanza. Nami nikainamia kibodi, nikitafuta herufi moja moja na kuisukuma kama mtu anayesukuma baiskeli yenye mzigo. Baada ya dakika chache nikaona chumba kimenyamaza. Nikainua kichwa. Alikuwa ananitazama tu.

"Mwalimu," akasema, "niko naongea na upara wako."

Hakusema kwa ubaya. Lakini alifunga mdomo, akajifunga kitenge, akasema atarudi kesho. Hapo ndipo nilipoona kitu nilichokuwa nimekaa nacho chumba kimoja miaka yote bila kukiona. Wewe hukuwahi kutazama mikono yako. Ulimtazama mtu. Vidole vilikuwa vinakimbia huko chini, na macho yako yalikuwa kwake, ukiitikia kwa nyusi, ukisema "eeh" na "pole mama" mahali panapotakiwa. Mimi niliamini watu walikuja kwa sababu ya sentensi zangu. Walikuja kwa sababu ulikuwa unawatazama.

Nikaamua lawama ni ya springi. Nikapanda gari mpaka Mbarara, kwa yule fundi wako Byaruhanga, kwenye barabara ya kwenda kambi ya jeshi ya Makenke, anayetengeneza redio za wake wa wanajeshi. Nilitaka azitoe zote aweke laini. Nikamweleza kwa kirefu, na unanijua. Akasikiliza, akabonyeza vitufe vitatu vinne, akacheka.

"Mzee, hii haina shida yoyote. Iko hivi kwa sababu yule mama alitaka iwe hivi. Alikuja hapa mara mbili. Mara ya kwanza niliweka za katikati. Akarudi, akasema bado, fundi, leta zenye nguvu."

Nikamwambia najua, alijifunza kwenye mashine za chuma za ofisi kule Uvira, ndiyo maana alipenda vitu vigumu. Ndivyo ulivyoniambia. Byaruhanga akatikisa kichwa.

"Hapana, ssebo. Vidole yake ilikuwa imekufa. Sukari. Alishika kikombe ya chai ya moto hapa mbele yangu, hakusikia kitu. Na hizo laini alikuwa anaziguza bila kujua, barua inajaa herufi ya bure. Aliniambia, usimwambie ule mzee wa mwandiko mzuri, ataanza kunionea huruma."

Mama Furaha, nilikaa kwenye kile kistuli chake. Ule mzee wa mwandiko mzuri. Nilikaa karibu nawe kila siku. Nilikuona ukiangusha kijiko, nikasema mikono ya mafuta. Nilikuona ukihesabu karatasi ukilamba kidole mara mbili, mara tatu, nikadhani ni tabia. Ngozi ya vidole vyako ilikuwa imelala, lakini vifundo vilikuwa macho, na wewe ukagundua peke yako kwamba kifundo kinaweza kuhisi kile ambacho ngozi haihisi, mradi kitu kiwe kigumu vya kutosha. Hukwenda kulia popote. Ulikwenda kwa fundi. Nimesoma vitabu vingi maishani na nimefundisha watoto wengi kutafuta jibu la swali. Sikumbuki niliyewahi kumwona akitafuta jibu kama hilo, na kulipata, na kuendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna swali.

Byaruhanga akauliza, "Sasa nitoe?" Nikamwambia asiguse hata moja.

Njiani kurudi ndipo liliponijia neno lako jingine, ambalo siku ulipolisema nililipuuza. "Weka mikono, ipumuzike. Haziingie mupaka utake." Niliporudi nikajaribu. Nikaweka vidole vinane vyote juu ya safu ya katikati, nikitafuta kwanza vile vinundu viwili vya F na J, nikaviacha vilale hapo kwa uzito wake wote. Hakuna herufi iliyotokea. Springi zilivibeba. Kwenye kibodi laini huwezi kufanya hivyo. Inabidi mikono ining'inie hewani, na mtu anayening'iniza mikono huwa anaitazama, anaichunga. Juu ya springi zako mikono ina mahali pa kukaa. Na mikono ikiwa na mahali pa kukaa, macho yako huru.

Nilifanya mazoezi siku tisa. Nilipiga zaburi, nilipiga majina ya wanafunzi wangu wa zamani, nilipiga orodha ya mbegu. Nilijifunza kutosukuma kwa kidole. Mkono wote unaanguka kidogo, kidole kinafikisha tu. Maumivu yakashuka kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kiganja, kisha yakaisha. Sikufikia kasi yako, wala sitaifikia. Wewe ulihama kutoka mpangilio wa herufi wa Kifaransa kwenda huu wa hapa ukiwa na wajukuu tayari, na hukuwahi kulalamika mbele yangu. Mimi nililalamikia springi.

Bibi Adela akarudi. Nikaweka mikono, nikainua uso. Alinitazama kidogo kama anayekagua, halafu akaanza, na safari hii hakusimama. Alisema jinsi alivyompokea Aline akizaliwa, kwa mikono yake mwenyewe, mvua ikinyesha. Hilo hakuwahi kuliambia ofisi yoyote, na mimi sikuwahi kuliuliza nilipoandika ile barua yangu nzuri. Nililiweka aya ya pili ya ukurasa wangu, nyuma ya ukurasa wako. Palikuwa na makosa, nikayasafisha baadaye. Umri niliuandika kwa maneno, kisha kwa tarakimu, na moja zilisimama wima kama askari. Tuliipeleka wenyewe Base Camp, kwenye ofisi za wakuu wa kambi, siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Bibi aliweka kidole gumba, akauliza, "Mama Furaha yumo?" Nikamwonyesha ukurasa wa kwanza. Akaupapasa.

Aline alifika Jumanne iliyopita. Ni mrefu kuliko nilivyomwandika, na anakula, bibi yake anasema, kama gari la mchanga. Kadi ina majina yao mawili. Nilitaka usikie hili kutoka kwangu.

Pumzika sasa, rafiki yangu wa kazi. Nakuaga kwa heshima niliyochelewa kukupa. Na ninakuahidi mambo mawili. Springi hizi hazitabadilishwa maadamu mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti hiki. Na la pili, hapa nitakuwa tofauti nawe, unisamehe: siku nitakaposhika kikombe nisihisi moto, nitasema. Nitamwambia Furaha, nitamwambia na atakayekaa kiti cha pembeni. Ulibeba jambo lile peke yako kwa ustadi ambao bado unanishangaza, lakini nilikuwa hapo, Mama Furaha, hatua moja tu, na ningeweza kukushikia kikombe.

Mwalimu wako