Picha Inajua Fasi Tuko

Jumamosi, 4 Mei 2024

Leo ku formation ya telefone pale paroisse, kanisani, nilibaki kinywa wazi. Dany, mwenye kutufundisha, alifungua picha ya sahani ya samaki sambaza — sambaza tu! — akasema ilipigwa kisiwani Idjwi, siku ya Pasaka. Haikuandikwa fasi yoyote. Iko ndani ya picha yenyewe, imejificha: siku, saa, na fasi, mahali ilipigwa. Tulipiga kelele kama watoto! Eti ukituma picha ya kawaida ku WhatsApp, hiyo yote inafutika. Ukituma mu document, inabaki. Akili ya watu, jamani! Na mimi natembea na kitu kama hiyo mu mukoba.

Jumapili, 5 Mei

Nilijaribu na picha ya robe yenye yaya Eulalie, dada yangu mukubwa, alishona. Anatumia wateja picha zote mu document, juu rangi ya kikwembe isiharibike. Nilibonyeza. Karte, ramani, ikafunguka, ikashuka, ikashuka... Kasha, hapa Bukavu. Mabati nyekundu ya maman Godelive, mwenye kumupangisha! Niliona mpaka mupapai. Ajabu gani! Kisha nikajiuliza: nani mwingine ameiona?

Tangu bwana yake Alphonse alimuvunja mukono, yaya anajificha pale. Alphonse anajua tu eti yuko Bukavu.

Jumatatu, 6 Mei

Nilienda kumwambia. Alicheka. Nikamwonyesha mupapai — akakaa chini. Nikauliza: ni nani mu groupe yako ya WhatsApp? Wateja tu, anasema, na Valérie. Valérie dada ya Alphonse?! Eti alitaka robe ya harusi, angemukataliaje? Tulizima localisation, yenye inaweka fasi mu picha. Lakini picha zenye zilishaenda, nani atazirudisha? Nikamwomba ahame. Hataki: harusi ni Jumamosi, robe hazijaisha.

Jumanne, 7 Mei

Alphonse ameniandikia! Kwa heshima yote, shemeji hapa, shemeji pale. Anaomba musamaha. Eti yuko Luvungi, mbali, anapalilia, yaya asiogope. Na picha ya mihindi — mu document, nione shamba vizuri. Mihindi mizuri, kusema kweli. Moyo wangu ulilainika.

Kisha nikabonyeza.

Karte ilishuka. Siyo Luvungi. Kasha, leo asubuhi. Shamba lenyewe liko nyuma ya mupapai.

Niko mu taxi, imekwama Nyawera. Naandika ili nisilie. Yaya haitiki telefone. Nimepigia maman Godelive — ameitika! Anasema nisihangaike, yaya yuko nyumbani, ana mteja. Mwanaume, amekuja kuona robe. Mutu wa heshima sana, anasema, amefunga na mulango juu ya mvua