Mkono wa Kushoto wa Mwaitu

Machakos,
12 Novemba 2006

Kaka yangu mpendwa Bartholomew,

“Kazi ya picha ni kumpamba mtu, si kumwaibisha.” Ndivyo ulivyoniandikia, ukapiga mstari chini ya neno la mwisho, kana kwamba mwalimu wa Kiswahili angelipita bila kuliona. Nimeliona, na nitalijibu mpaka karatasi iishe. Lakini kwanza tuamkiane kama watu waliolelewa. U mzima? Wifi hajambo? Kifua cha Tracy kimepoa? Sisi huku tu wazima. Mvua imeanza vizuri Kathiani, mahindi yamechipua, na mama yetu, Mwaitu, ana nguvu za kutosha kugombana na kila mbuzi anayezikaribia kunde zake.

Sasa turudi kwenye ugomvi wetu. Unasema niliitoa picha yako ya Mwaitu kwenye ukumbi wa akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kazi za pamoja, kwa sababu ya wivu. Unasema picha niliyoiweka mahali pake ni ya mtu anayecheza na kamera, na kwamba umempigia simu mzee Mbithi, mwenyekiti wa kamati, ili Jumamosi wairudishe yako. Haya. Tuanze na huo mchezo wangu.

Sikatai, nilianza vibaya. Nilipoipata kamera hii kuukuu nilidhani jua likiwa kali ndipo picha itatoka safi, basi nikawa nawasimamisha watu uwanjani saa saba mchana. Macho yao yalitoka kama mashimo. Mchungaji wetu nilimpiga nguzo ya stima ikiwa imemwota utosini. Kalondu, rafiki ya Mwaitu tangu usichana, alipopewa yake aliitazama mbele na nyuma, akaniuliza ni kosa gani alilofanya hata nikamsimamisha kama mshukiwa kituoni.

Nikafanya ninachofanya nikishindwa: nikasoma. Nilisoma vitabu vyote vya upigaji picha nilivyoweza kuazima mjini, na nikabishana navyo pembeni mwa kurasa kwa kalamu ya risasi. Kwa maana Bartholomew, vipimo vyao vya mwanga vimeandikwa kwa ajili ya nyuso nyeupe. Ukivifuata, Mwaitu anakuwa kivuli chenye meno. Hilo nililigundua mwenyewe, kwa kuharibu filamu, na sioni haya kujisifu. Niligundua kwamba mlango wa jikoni kwetu, asubuhi, ndio studio bora katika wilaya hii. Mtu akikaa ndani kidogo ya kizingiti, mwanga unamjia kutoka upande mmoja, laini, unaufuata uso taratibu kama kiganja. Upande wa pili nilisimamisha bati jipya nikalifunika shuka jeupe, likaurudisha mwanga kwenye shavu lililobaki gizani. Nikajifunza kusogea karibu, kuacha ukuta mtupu nyuma yake, kuyalenga macho, na kunyamaza. Unajua kunyamaza kunanigharimu kiasi gani.

Mwezi wa nane nilimpiga Mwaitu hivyo. Uso ulitoka wote, hata ile dharau ndogo anayoiweka kwenye pembe ya mdomo akisikia uongo. Lakini mkono wa kushoto aliuficha chini ya leso, kama alivyouficha katika kila picha tangu tukiwa watoto. Wewe na mimi tunajua kwa nini anauficha. Kidole chake cha pete kilibaki chini ya jiwe la bwawa, siku akina mama walipokuwa wakilijenga kwa mikono, nawe ukiwa shule ya bweni. Alipokuja kukutembelea ulimwomba aufunike wenzako wasimwone. Ulikuwa mtoto, na silileti hilo kama shtaka. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo hakuufunua tena mbele ya kamera.

Kisha ukumbi ukakamilika, na kamati ikataka picha za waanzilishi. Wewe, bila kuuliza mtu, ukaipeleka picha yake ya kitambulisho kwa hao mafundi wako wa kompyuta huko Nairobi. Wakaukata uso wa mama yetu wakaupachika juu ya mwili wa mwanamke mwingine, gauni la kung'aa, mikono laini imekunjwa mapajani, nyuma yake maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa Kathiani aliyewahi kuyaona. Ikafika ikiwa ndani ya fremu ya dhahabu, ikatundikwa siku ya ufunguzi. Wewe ulikuwa safarini, kwa hiyo hukuwapo. Mimi nilikuwapo.

Mwaitu aliisogelea, akavaa miwani. Akahesabu vidole kwa sauti, na alipofika kumi akaanza upya. Kalondu akamwambia hongera mama, kumbe vinaota tena, basi hata yeye Kalondu meno yake yanaweza kurudi. Ndipo Mwaitu akaiona pete. Ilikuwa kwenye kidole kilekile. Akasema kwa hiyo ameolewa tena na hakuna aliyemwambia, na mume mwenyewe ni nani, na baba yetu huko kaburini ameruhusu? Ukumbi mzima ulicheka hadi mzee Mbithi akagonga meza. Mwaitu alicheka kuliko wote. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani hakucheka tena. Aliniuliza jambo moja tu: huyo mwanamke ambaye mikono yake imechukuliwa, ameulizwa?

Sasa nikuambie jambo alilonikataza kukuambia, nami nimeamua kumkaidi. Sikuitoa picha yako. Nilikuacha uamini hivyo kwa sababu ugomvi na mimi umeuzoea. Aliyeitoa ni Mwaitu. Jumatatu yake alikwenda ukumbini na Kalondu, akapanda benchi kwa miguu hiyo yenye baridi yabisi, akaishusha mwenyewe, akaifunga ndani ya leso ili isipate mchubuko kwa sababu ni zawadi ya mwanawe. Kesho yake alfajiri nilimkuta amekwisha kukaa mlangoni pa jikoni, mahali palepale. Akaniambia nilete lile bati langu. Nilipolenga, alitoa mkono wa kushoto chini ya leso na kuuweka kifuani, wazi, vidole vinne. Aliniambia hao watu wako wamemwonyesha jinsi angekuwa kama hangelichimba bwawa lile, naye hakumpenda yule mwanamke.

Kwa hiyo picha yako ndiyo iliyoutoa mkono huo nje, kaka. Asubuhi zangu zote za mlangoni hazikuweza. Nakupa heshima hiyo, na sitakupa nyingine.

Unauliza kama yangu nayo haikupitishwa kwenye kompyuta. Ilipitishwa. Nilikaa na kijana wa ofisi ya kuchapa karibu na stendi, nikapunguza weupe wa ukuta na kukata nusu ya mbuzi aliyeingia kwa kona. Kijana akataka kulainisha mikunjo, nikamshika mkono. Wanafunzi wangu nawafundisha hivyohivyo kuhusu insha: ondoa kinachomzuia msomaji kuona, lakini kile ulichokuja kusema usikiguse. Niliichapa kubwa, nikaitundika. Akina mama walipoiona hawakucheka. Mmoja mmoja walisogea, na Kalondu akaweka kiganja chake juu ya kioo, pale kidole kisipokuwapo. Tangu siku hiyo wanapanga foleni mlangoni kwetu, kila mmoja na kovu lake la bwawa, wakisema wapigwe kama Nzilani, maana Mwaitu wao humwita kwa jina lake. Sijawahi kushinda mjadala wowote kwa namna hiyo, na nimejadili mingi.

Mwaitu anakusalimu sana. Picha yako ameitundika chumbani kwake, huyo mwanamke anamwita “mgeni”, na asubuhi humwamkia. Msalimie wifi, umbusu Tracy.

Nanyi nyote mtakaosomewa barua hii hapo mezani, kwa maana najua kaka huzisoma barua zangu kwa sauti ili apate wa kumuunga mkono, nawaambia hivi. Bartholomew, mpigie mzee Mbithi kabla ya Jumamosi, umwambie picha ya mkono wa kushoto ibaki ukutani. Wifi, hakikisha amepiga. Kisha Krismasi njooni wote, mkae asubuhi mlangoni pa jikoni pamoja naye, na wewe kaka ukae kushoto kwake, uushike mkono huo mbele ya kamera yangu.

Ni mimi dada yako,
Ndanu