Ski Moja Nimekuachia

Vinzenz,

Ukitoka kukamua, supu ya shayiri iko jikoni. Mimi nimekwenda hospitalini kwa Vroni.

Ulijigamba dukani kwamba jozi moja pana ya ski, mbao za kutelezea thelujini, itafaa kotekote, kwenye lifti ya kupandisha watu mlimani na kupandia milima kwa miguu. Haya. Asubuhi ukazifunga kufuli zisichomoke miguuni mwa mwanangu ili apande, ukasahau kuzifungua kabla hajateremka! Kaanguka, ski ikagoma kuchomoka, ikampinda mguu, mfupa ukatokeza nje. Mtoto anapiga mayowe, nawe unawaambia waokoaji, “Jamani, msizikwaruze, ni mpya!”

~~Usije.~~ Mletee blanketi lake.

Ski moja nimeipasua kwa shoka. Ya pili ipasue mwenyewe, shoka liko mlangoni. Nikirudi nikaikuta nzima, safari hii sitapasua ski.

~~Mkeo~~
Mama Vroni